Sindano ya ganzi ya jino: Jinsi inavyofanya kazi na kwa nini dozi yake hupimwa kwa mizani

HOFU ya sindano ni miongoni mwa mambo yanayowafanya watu wengi katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika wilayani Temeke hadi Tandale na Mwananyamala wilayani Kinondoni, kukaa na jino bovu kwa wiki kadhaa, na wengine kwa miezi, kabla ya kufika kwa daktari wa meno.

Wapo wanaoogopa maumivu ya sindano yenyewe. Wapo pia waliosikia mitaani kwamba ganzi huua mishipa, kwamba hupandisha presha, au kwamba jirani fulani alichomwa sindano hiyo akazimia kitini. Matokeo yake ni kumeza vidonge vya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa, kusukutua kwa maji ya chumvi na kuomba usiku upite, mpaka asubiri shavu livimbe.

Wataalamu wa afya ya kinywa wanaeleza kuwa kusubiri huko ndiko kunakoleta balaa lenyewe. Jino ambalo lingeweza kuzibwa huishia kung'olewa, na ganzi ambayo ingeshika vizuri mapema hugoma kushika pale usaha unapokuwa umeshajaa.

Tafiti zilizofanywa nchini kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa kung'oa jino ndiyo huduma inayotolewa zaidi katika vituo vya umma vya tiba ya kinywa. Kwa jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wakiwamo zaidi ya milioni 1.3 katika Manispaa ya Temeke na karibu milioni moja katika Manispaa ya Kinondoni, sindano ya ganzi ni jambo litakalomgusa karibu kila mtu katika maisha yake.

Pamoja na hayo, ni wagonjwa wachache wanaojua dawa hiyo ni nini, inafanya nini mwilini, na wao wenyewe wanapaswa kusema nini kabla haijachomwa.

Maumivu yanavyosafiri

Jino kwa nje linaonekana kama jiwe, lakini ndani yake lipo hai. Katikati yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Kidonda cha jino kinapotoboa tabaka ngumu za nje na kukaribia kiini hicho, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoitafsiri taarifa hiyo kuwa maumivu.

Taarifa hiyo husafiri kwa njia ya umeme mdogo sana. Umeme huo hutokea pale chembe za madini ya sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayoila, zinapoingia kwa kasi ndani ya mshipa wa fahamu kupitia milango midogo iliyopo kwenye utando wake. Mlango mmoja ukifunguka, husababisha wa jirani kufunguka, na taarifa husonga mbele hatua kwa hatua.

Mfano wake ni mafundi wanaomwaga zege, ambao hujipanga mstari na kupokezana karai. Zege hufika juu ya jengo bila mtu mmoja kulibeba njia nzima. Lakini watu watatu au wanne wa katikati wakishusha mikono, karai haliwezi kufika, hata kama walio chini wanaendelea kujaza.

Hivyo ndivyo dawa ya ganzi inavyofanya. Molekuli zake hupenya utando wa mshipa wa fahamu, huingia ndani, kisha huiziba milango ya sodiamu kwa upande wa ndani. Jino linaendelea kuwa na ugonjwa na taarifa inaendelea kuanzia huko, lakini haivuki eneo lililozibwa. Ubongo haupati habari, na mgonjwa hasikii maumivu.

Dawa hii haimlazi mtu usingizi kama ile inayotumika katika upasuaji mkubwa. Mgonjwa hubaki macho, anasikia anachoambiwa na anaweza kuinua mkono akitaka kusema jambo.

Aidha, dawa hii haiui mishipa. Damu huiondoa taratibu mahali ilipochomwa, ini huivunjavunja, na mabaki hutoka kwa njia ya mkojo. Milango ya sodiamu hufunguka tena na hisia hurejea kama kawaida.

Kusukumwa si kuumia

Jambo linalozua mzozo mara kwa mara kati ya mgonjwa na daktari ni hisia ya kusukumwa. Mgonjwa anaposikia koleo likilitikisa jino, hudhani ganzi haijashika, huanza kukaza mwili na wakati mwingine huushika mkono wa daktari.

Ukweli ni kuwa mishipa ya fahamu haifanani. Ile myembamba inayobeba maumivu huzibwa mapema zaidi kuliko ile minene inayobeba hisia za mguso na mgandamizo. Kwa hiyo ni kawaida mtu aliyechomwa ganzi kusikia jino likisukumwa, likivutwa, hata kusikia mlio wake, bila kuumia.

Kinachotakiwa ni mgonjwa kutofautisha mambo hayo mawili. Akisikia mgandamizo, atulie. Akisikia maumivu makali ya kuchoma, ainue mkono na daktari asimame, apime tena, asubiri au aongeze dawa ikiwa kiwango kinaruhusu. Kumwambia mgonjwa avumilie maumivu makali wakati kuna njia ya kuyaondoa si tiba nzuri.

Muda nao ni sehemu ya tiba. Dawa inahitaji dakika kadhaa ili ikolee, kwa kawaida kati ya tatu na tano, na kwa meno ya nyuma ya taya la chini inaweza kuchukua hata dakika kumi au zaidi. Daktari anayechoma sindano na kushika koleo papo hapo hajaipa dawa nafasi ya kufanya kazi.

Kutoka kokeini hadi lignokeini

Historia ya ganzi ilianzia kwenye dawa ambayo leo inajulikana zaidi kwa ubaya wake. Mwaka 1884, daktari wa macho aitwaye Carl Koller, mjini Vienna, Austria, alionyesha kuwa matone ya kokeini yanaweza kuondoa maumivu katika upasuaji wa jicho. Mwaka huohuo, daktari wa Marekani William Halsted aliitumia kwa kuichoma jirani na mshipa wa fahamu wa taya la chini, njia ambayo msingi wake unatumika mpaka sasa.

Kokeini ilikuwa na gharama kubwa kwa binadamu. Ilisumbua moyo na iliwafanya watu kuwa watumwa wake, Halsted mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwanzoni mwa karne ya 20, mkemia wa Ujerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokeini, iliyouzwa kwa jina la Novocain na kutawala vyumba vya tiba ya meno kwa miongo kadhaa, ingawa ilisababisha mzio kwa baadhi ya watu.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1943, pale mkemia wa Sweden, Nils Löfgren, alipotengeneza lignokeini, ambayo wengine huiita lidokeini. Iliingia sokoni mwaka 1948. Inashika haraka, inadumu zaidi na ni nadra kuleta mzio. Leo ipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na ndiyo inayotumika kwa wingi nchini.

Watu wa Mwambao walikuwa na ganzi yao kabla ya sindano. Karafuu ya Unguja na Pemba ina mafuta yaitwayo eujenoli, yenye uwezo wa kufisha hisia kwa muda. Ndiyo maana kuweka karafuu kwenye jino hupunguza maumivu kidogo, na ndiyo maana eujenoli hutumika mpaka leo katika baadhi ya dawa za kuziba meno kwa muda. Hata hivyo, karafuu haitibu tundu wala haiondoi usaha.

Kinyume chake, tabia ya kubandika kidonge cha aspirini kwenye ufizi ni hatari. Aspirini hufanya kazi ikimezwa. Ikiachwa juu ya ufizi, tindikali yake huunguza nyama na kuongeza kidonda kingine.

Juu na chini si sawa

Wengi hushangaa kwa nini jino la juu hupata ganzi kwa sindano fupi pembeni ya jino lenyewe, wakati la chini huchomwa mbali, nyuma kabisa ya kinywa.

Sababu ni mfupa. Mfupa wa taya la juu una vinyweleo vingi na dawa hupenya kwa urahisi hadi kwenye mizizi ya jino. Mfupa wa taya la chini, hasa sehemu ya magego, ni mgumu na mzito. Hivyo daktari huufuata mshipa wa fahamu mahali unapoingilia taya, na sindano moja hufisha meno yote ya upande huo pamoja na nusu ya mdomo wa chini.

Midomo ikianza kuwa mizito na mgonjwa akahisi kama imevimba, hiyo ni dalili kwamba dawa imefika. Anayejitazama kwenye kioo huona kuwa midomo haijavimba. Ni hisia tu.

Kwa nini ganzi hugoma kwenye usaha

Ili dawa ya ganzi ipenye utando wa mshipa wa fahamu, lazima sehemu yake iwe katika umbo lisilo na chaji ya umeme. Katika mwili wenye afya, takribani robo ya molekuli za lignokeini huwa katika umbo hilo, na hiyo inatosha kazi.

Sehemu yenye uvimbe na usaha huwa na tindikali zaidi. Tindikali hiyo hubadili molekuli nyingi kuwa zenye chaji, na zile zinazoweza kupenya hushuka hadi kiasi cha asilimia moja tu pale hali inapokuwa mbaya. Dawa ni ileile, kiasi ni kilekile, lakini mlango haupitiki.

Katika hali hiyo, kuongeza sindano juu ya sindano mahali palepale si suluhisho. Daktari anaweza kuchoma ganzi mbali na uvimbe, kwenye mshipa mkubwa ambao haujaguswa na maambukizi, au kutoa usaha kwanza na kutoa dawa za kuua vijidudu inapobidi, kisha kumpangia mgonjwa siku ya kurudi.

Uvimbe wa jino haupaswi kupuuzwa hata siku moja. Maambukizi yakishuka chini ya ulimi na shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa. Mtu mwenye uvimbe chini ya kidevu, homa, shida ya kumeza au kupumua, au asiyeweza kufungua kinywa, anatakiwa kupelekwa hospitali kubwa saa hiyohiyo, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, Mwananyamala au Amana, au Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Adrenalini ndani ya kichupa

Lignokeini hupanua mishipa ya damu, na ikiwa peke yake damu huiondoa mapema. Ganzi ya kiini cha jino inaweza kuisha ndani ya dakika tano hadi kumi. Ndiyo sababu katika tiba ya meno huchanganywa na adrenalini kwa kiasi kidogo mno, mara nyingi sehemu moja kwa 80,000 au moja kwa 100,000.

Adrenalini hubana mishipa ya damu mahali sindano ilipochomwa. Faida zake ni tatu: ganzi ya jino hudumu kwa muda wa takribani saa moja, damu hupungua kutoka, na dawa huingia taratibu katika mzunguko wa damu, jambo linalopunguza hatari ya sumu.

Adrenalini hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wagonjwa kusikia moyo ukienda mbio na mikono kutetemeka kwa dakika chache. Hali hiyo hupita. Kwa mtu mwenye afya, si tatizo.

Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hesabu hubadilika. Miongozo mingi huwataka madaktari wasizidishe miligramu 0.04 za adrenalini kwa mgonjwa wa moyo kwa siku moja ya tiba, sawa na vichupa viwili hivi vya ujazo wa mililita 1.8 vyenye mchanganyiko wa moja kwa 100,000. Mwenye presha iliyofika 180 kwa 110 au zaidi hushauriwa kuahirisha tiba isiyo ya dharura hadi presha ishuke.

Hata hivyo, mwenye presha hapaswi kukataa ganzi. Maumivu makali yenyewe huufanya mwili umwage adrenalini nyingi. Kung'olewa jino bila ganzi ya kutosha kunaweza kuipandisha presha kuliko sindano iliyopimwa vizuri.

Hesabu inayookoa maisha

Dawa yoyote huwa sumu ikizidi, na lignokeini haina msamaha. Lakini hesabu yake si ngumu.

Dawa ya asilimia mbili ina miligramu 20 katika kila mililita. Kichupa cha kioo cha mililita 1.8 kina miligramu 36, na kile cha mililita 2.2 kina miligramu 44. Miongozo ya tahadhari katika tiba ya meno huweka kikomo cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, bila kuzidi miligramu 300 hata kama mtu ni mnene. Baadhi ya miongozo huruhusu hadi miligramu 7 kwa kilo pale dawa inapokuwa na adrenalini, bila kuzidi miligramu 500.

Mtu mzima wa kilo 60, kwa kikomo cha 4.4, anaweza kupewa hadi miligramu 264, yaani vichupa sita vya mililita 2.2. Kwa kuwa jino moja kwa kawaida huhitaji kichupa kimoja au viwili, nafasi ya usalama ni kubwa.

Mtoto wa kilo 15 yuko katika hali tofauti kabisa. Kikomo chake ni miligramu 66, sawa na kichupa kimoja na nusu. Akipewa vichupa vitatu, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni cha kawaida, atakuwa amepata mara mbili ya kikomo hicho.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa zaidi ya ganzi ya meno: mtoto mdogo, meno kadhaa mabovu yanayotakiwa kushughulikiwa siku moja, na mtoa huduma asiyempima uzito. Ganzi ya kupaka au ya kupuliza kwenye ufizi nayo ina dawa, na huingia kwenye hesabu hiyohiyo. Mzazi ana haki ya kuomba mtoto apandishwe kwenye mizani kabla ya sindano, na kuuliza ni vichupa vingapi vitatumika.

Tahadhari nyingine ni ya mkono wa daktari. Kabla ya kusukuma dawa, bomba hurudishwa nyuma kidogo ili kuona kama damu inaingia. Damu ikionekana, sindano imo ndani ya mshipa wa damu na lazima ihamishwe. Kisha dawa husukumwa polepole, kiasi cha mililita moja kwa dakika. Sindano ya polepole huumiza kidogo na ni salama zaidi.

Kuzimia, mzio na sumu

Tukio linalotokea mara nyingi zaidi kwenye kiti cha daktari wa meno ni kuzimia kwa woga. Mgonjwa hutoka jasho jembamba, hupauka, huona kizunguzungu na kupoteza fahamu kwa muda mfupi. Akilazwa chali na miguu ikainuliwa, hurejea baada ya muda si mrefu. Mjamzito hulazwa kwa ubavu wa kushoto.

Njaa huchangia hali hiyo. Mtu anayekwenda kung'oa jino kwa ganzi ya kawaida hatakiwi kukaa bila kula. Mwenye kisukari ale na atumie dawa zake kama kawaida. Aliyefunga anaweza kumwomba daktari ampangie muda baada ya futari, kama hali yake si ya dharura.

Mzio wa kweli wa lignokeini ni nadra sana. Wengi wanaosema wana aleji ya ganzi walizimia kwa woga au walisikia moyo ukienda mbio kwa sababu ya adrenalini. Hata hivyo, aliyewahi kutokwa na vipele, kuvimba uso au kubanwa na pumzi baada ya sindano lazima aseme, na afanyiwe uchunguzi kabla ya kuchomwa tena.

Sumu inayotokana na dozi kubwa, au dawa iliyoingia moja kwa moja kwenye damu, ina dalili zake. Mgonjwa anaweza kuhisi ganzi kuzunguka midomo yote na ulimi, ladha ya chuma kinywani, mlio masikioni, kizunguzungu na kuongea ovyo. Misuli huanza kurukaruka, na hali ikiendelea hufuata degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida na moyo kusimama.

Mtoa huduma anatakiwa kusimamisha sindano mara moja, kuita msaada, kuhakikisha njia ya hewa iko wazi, kumpa mgonjwa hewa ya oksijeni na kudhibiti degedege. Hospitali zenye uwezo hutumia pia mafuta maalumu yanayoingizwa kwa dripu, ambayo huinyonya dawa kutoka kwenye moyo. Chumba cha meno kisicho na oksijeni wala kifaa cha kumsaidia mgonjwa kupumua hakijajiandaa kwa dharura hiyo.

Mgonjwa aseme nini

Usalama huanzia kwenye maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Wapo wanaoficha ugonjwa wa presha kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Kuficha huko ni kumfumba macho daktari.

Mambo ya kusema ni haya: ugonjwa wa moyo, presha, kisukari, pumu, kifafa, ini, figo au tezi, dawa zote anazotumia, hasa za moyo, za presha kama propranololi, na za kuzuia damu kuganda, ujauzito, mzio wowote, na kama anatumia kokeini, kwa kuwa mchanganyiko wake na adrenalini unaweza kuuvuruga moyo.

Kwa wajawazito, lignokeini inahesabiwa kuwa salama katika dozi ya kawaida. Kipindi cha miezi mitatu ya kati ndicho kinachofaa zaidi kwa tiba inayoweza kusubiri, lakini maumivu makali na usaha hutibiwa mwezi wowote. Maambukizi yasiyotibiwa ni hatari kwa mama na mtoto kuliko sindano.

Sindano mpya, kichupa kipya

Kichupa cha ganzi ni cha mgonjwa mmoja tu. Dawa iliyobaki hutupwa, hata kama ni nusu. Wakati wa kuchoma, damu na majimaji ya mgonjwa yanaweza kurudi ndani ya kichupa, na kubadilisha sindano peke yake hakuondoi hatari ya kuambukiza homa ya ini aina ya B na C au virusi vya Ukimwi. Mahali panapotumika chupa kubwa ya dawa, kila inapochotwa lazima litumike bomba jipya na sindano mpya.

Mgonjwa anaweza kuomba sindano ifunguliwe mbele yake. Si dharau kwa daktari. Ni haki.

Joto la Dar es Salaam nalo lina neno lake. Adrenalini huharibika kwa joto na mwanga, na dawa nyingi za aina hii huelekezwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 25, wakati jiji hupita nyuzi 30 katika miezi ya Desemba hadi Machi. Dawa iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia au waridi, yenye chembechembe, au iliyopita muda wake haifai. Vichupa pia havipaswi kulowekwa kwenye spiriti, kwa kuwa spiriti hupenya kwenye mpira wake na kuunguza nyama ya mgonjwa.

Tangu serikali iliporuhusu tena huduma binafsi za afya mwaka 1991, kliniki za meno zimeenea hadi pembezoni mwa jiji. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inataka watoa huduma wasajiliwe, na usalama wa dawa unasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Kliniki halali haioni shida kuonyesha usajili wake.

Tatizo la wasio na taaluma si geni nchini. Watafiti wa Tanzania waliandika katika miaka ya 1990 kuhusu waganga wanaong'oa vijino vya watoto wachanga ambavyo havijaota, kwa madai kuwa "meno ya plastiki" ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Watoto hao huchokonolewa kwa vifaa vichafu bila ganzi yoyote. Hakuna ugonjwa wa aina hiyo. Kinachoonekana ni jino changa la kawaida, na mtoto mwenye homa au anayeharisha anahitaji kituo cha afya.

Baada ya kutoka kitini

Ganzi ya midomo na ulimi hudumu saa tatu hadi tano, muda mrefu kuliko ya jino. Katika muda huo mgonjwa asile chakula kigumu wala kunywa chai ya moto, kwani anaweza kujiunguza au kujing'ata bila kujua.

Watoto wanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Mtoto huona mdomo wake ni kitu cha ajabu, huutafuna kama ubani, na jioni mama hukuta umevimba na una kidonda. Kosa hilo hudhaniwa kuwa ni maambukizi ya sindano. Mzazi amkataze kutafuna mpaka hisia zirudi.

Mgonjwa akiona upande mmoja wa uso umelegea na jicho halifumbi, asiamini amerogwa wala kupooza. Mara chache dawa hufika kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na hali hiyo huisha ndani ya saa chache. Lakini ganzi ikiendelea hadi siku inayofuata, au kinywa kikakaza na homa ikaanza, arudi kwa daktari.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Jino linaloanza kuuma linapopata ganzi mapema, kabla ya usaha, lina nafasi ya kuzibwa na kubaki kinywani. Kinachohitajika kwa mgonjwa ni kusema ukweli kuhusu afya yake, na kwa mtoa huduma ni mizani, sindano mpya na subira ya dakika tano.